Nusu Milimita

Meno sita ya mbele ya taya la chini yanagusana mahali patano. Yakikaa sawa, ukiyatazama kwa juu unaona tao moja lisilokatika. Yakisongamana, moja linarudi nyuma upande wa ulimi, jingine linajitokeza upande wa mdomo, na pale yalipopaswa kugusana panaachana. Mwaka 1975 Robert Little, daktari wa kupanga meno katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, alipendekeza njia ya kuipima hali hiyo ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeielewa: shika kalipa, pima kila mwachano, jumlisha namba tano ulizopata. Jumla ikiwa sifuri, meno yamepangika barabara. Ikifika milimita 10, msongamano ni mkubwa mno.

Nafundisha takwimu hapa Mazimbu, Morogoro, kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mimi si daktari. Nilianza kusoma tafiti za meno kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye meno yake ya chini yalikuwa yamepandana. Nikaendelea kuzisoma kwa sababu ya uzuri wa kazi yenyewe. Wapo watu ambao maisha yao yote ya kazi wameyatumia kupima vinywa vya watoto, wakarudia kupima, wakasubiri watoto wakue, wakapima tena, ili waweze kumwambia mzazi bila kubahatisha kwamba waya utamsaidia mwanawe, au kwamba hautamsaidia na fedha yake aitunze. Nimekaa na kazi zao muda mrefu, na kila nikizirudia naziheshimu zaidi.

Tuanze na mkono, maana ufundi huu unaanzia mkononi. Kabla mpwa wangu hajafungwa nyaya, daktari alichukua umbo la meno yake. Alikoroga unga wa alijineti kwa maji mpaka ukawa uji mzito, akaujaza kwenye trei ya chuma yenye umbo la kiatu cha farasi, akaubana kwenye meno mpaka ukaganda, kisha akachomoa. Ndani ya ile kalibu akamimina plasta. Zikatoka modeli mbili nyeupe, moja ya taya la juu na moja ya taya la chini, zenye kila jino na kila mkunjo wa ufizi. Matibabu yalipokwisha nikaomba nipewe zile za mwanzo, nami huzitumia darasani tunapofika kwenye mada ya makosa ya vipimo.

Nawapa wanafunzi kalipa moja na mwachano mmoja tu, ule ulio kati ya jino la chonge la kushoto na jirani yake. Wa kwanza anaandika milimita 1.9. Wa pili anaandika 2.6. Wa tatu 2.2. Baada ya chai namrudishia modeli yule wa kwanza bila kumwonyesha alichoandika asubuhi, naye anapata 2.4. “Mwalimu, hii kalipa mbovu,” mmoja husema. Kalipa ni nzima. Tatizo ni kwamba hawajakubaliana wanapima nini. Wengine wameweka ncha mahali meno yanapogusana leo, yakiwa yamepinda; wengine wameiweka mahali yalipoumbwa yagusane. Wengine wameinamisha kalipa, wakapima na tofauti ya kimo pamoja na tofauti ya mbele na nyuma. Little alilifikiria hilo mapema: aliagiza kalipa ishikwe sambamba na uso wa kutafunia, ili jino lililochomoza juu kuliko mwenzake lisiongeze namba isiyostahili.

Nilipata kumwona daktari mzoefu akipima. Kidole chake cha nne kilitua kwanza juu ya plasta, kikatulia hapo kama nguzo, ndipo ncha za kalipa zikashuka. Ncha zenyewe zilikuwa zimenolewa zikawa nyembamba kiasi cha kupenya kati ya meno. Hakutazama namba mpaka mkono ulipotulia. Akamtajia msaidizi, msaidizi akaandika, akahamia mwachano wa pili. Alipomaliza yote matano aliigeuza modeli, akaiweka kando, akaendelea na ya mtu mwingine. Ile ya kwanza angeirudia baada ya majuma kadhaa, namba za zamani zikiwa zimefungiwa kabatini.

Huko kurudia ndiko kunakonivutia kuliko yote. Mtafiti akisema kwamba kundi lililotibiwa limetofautiana na kundi lisilotibiwa kwa nusu milimita, swali la kwanza ni hili: mkono wake mwenyewe unatofautiana na wenyewe kwa kiasi gani? Ikiwa jana na leo mkono huo huo unapishana kwa nusu milimita kwenye jino lile lile la plasta, basi hatuna budi kuitilia shaka nusu milimita yake. Ndiyo maana katika ripoti nzuri za fani hii kuna aya fupi, mara nyingi iliyojificha katikati, ambamo watafiti wanaeleza ni modeli ngapi walizipima mara mbili na walipishana kiasi gani. Mimi huisoma aya hiyo kabla ya matokeo. Mtu anayeweka hadharani makosa ya mkono wake ananipa sababu ya kumwamini kwa mengine.

Kwa mambo yasiyopimwa kwa milimita, kama vile kuamua iwapo mtoto anahitaji matibabu au hahitaji, wanatumia kipimo kiitwacho kapa, alichokitoa mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960. Madaktari wawili wakiwaangalia watoto mia, na wote wawili wana tabia ya kusema “huyu mzima” mara nyingi, watakubaliana sana hata kama kila mmoja angekuwa amefumba macho. Kapa inaondoa makubaliano hayo ya bure na kubakisha yale yaliyotokana na kuona kitu kimoja. Ni hesabu ndogo, inaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari, na imewanyenyekeza mabingwa wengi.

Mazimbu ni mahali pazuri pa kufundishia heshima kwa vipimo. Eneo hili lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, na mwaka uliofuata shule yao ikaanza, na baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu. Vijana waliokimbia nchi yao walishiriki kujenga majengo haya, na kiwanda chao cha samani, kilichoitwa Vuyisile Mini, kilitengeneza vitanda, meza na viti, kazi isiyofanyika bila kupima kwa makini. Mwaka 1992 wakatukabidhi. Mtu anayefundisha katika majengo ya namna hiyo haoni haya kuchukua muda mrefu juu ya nusu milimita.

Sasa tuje kwa watoto wetu. Mwaka 1988 kundi la watafiti wa Kifini na wa Muhimbili, wakiongozwa na Kerosuo na akiwemo Ngassapa, walichapisha uchunguzi wa watoto wa shule wa Dar es Salaam. Asilimia 45 walionekana kuwa na kasoro ya mpangilio wa meno. Mwaka 1996 Ng'ang'a na wenzake waliripoti watoto 919 wa Nairobi wenye umri wa miaka 13 hadi 15, na asilimia ikawa 72. Mwaka 2006 Rwakatema na wenzake walichapisha matokeo ya Moshi, watoto wa miaka 12 hadi 15: asilimia 97.6. Mwaka 2009 Matilda Mtaya, pamoja na Brudvik na Åstrøm wa Bergen, Norwei, walitoa matokeo ya watoto 1,601 wa Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam, wenye miaka 12 hadi 14: asilimia 63.8.

Msomaji asiyezoea atauliza ni yupi aliyekosea. Je, meno ya Moshi yamepinda mara mbili kuliko ya Dar es Salaam? Sidhani hata kidogo. Namba hizi zinatofautiana kwa sababu kila utafiti ulichora mstari wake mahali pake. Rwakatema alitumia vigezo vya Arne Björk, bingwa wa Copenhagen, ambavyo Björk na wenzake walivichapisha mwaka 1964, na vigezo hivyo ni daftari linaloandika kila kitu: jino lililogeuka kidogo, mwanya, msongamano, meno ya juu yaliyofunika ya chini kupita kiasi, mstari wa katikati uliohama. Ukiandika kila kitu, karibu kila mtoto ataingia daftarini. Ukiamua kuhesabu tu yale yanayozidi milimita kadhaa, idadi inashuka. Watafiti hawa walieleza vigezo vyao waziwazi, na kwa sababu hiyo mtu wa hesabu aliyeko Morogoro anaweza kuzisoma kazi zao nne pamoja na kuelewa. Asiyeandika kigezo chake, namba yake haina kazi.

Kutoka hapo linazaliwa swali gumu zaidi, na hapa ndipo naona fani hii imekomaa. Kuwa na kasoro ni jambo moja. Kuhitaji matibabu ni jingine. Chukua mwanya wa meno ya mbele ya juu. Katika vitabu vya Ulaya na Marekani mwanya umeandikwa miongoni mwa mambo ya kurekebishwa. Kwetu, kuanzia pwani mpaka huku bara, msichana mwenye mwanya anasifiwa, na wapo wanaotamani wangezaliwa nao. Utafiti wa Mtaya uliiweka nafasi ya milimita mbili au zaidi kati ya meno katika nafasi ya pili kwa wingi, asilimia 21.9. Je, hao wote ni wagonjwa?

Mwaka 1989 Waingereza wawili, Brook na Shaw, walitengeneza fahirisi ya kuamua nani anahitaji matibabu, na sehemu yake moja ilikuwa na picha kumi za meno, kutoka yanayopendeza hadi yasiyopendeza, mtoto awekwe mahali pake. Ni kazi nzuri, lakini picha zile ni za vinywa vya watoto wa kwao, na macho yaliyozipanga ni ya kwao. Emeria Mugonzibwa wa Muhimbili, akishirikiana na Kikwilu wa hapa nyumbani na Kuijpers-Jagtman wa Nijmegen, Uholanzi, alifanya jambo ambalo nalisoma kwa furaha kila mara. Waliwaendea watoto 386 wa Kitanzania wenye umri wa miaka 9 hadi 18, wakawaonyesha picha za meno ya mpangilio mbalimbali, wakawauliza wao wenyewe: yapi yanapendeza, yapi hayapendezi, na wewe meno yako unayaonaje? Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani. Mtoto wa shule ya msingi aliulizwa hukumu yake kuhusu uzuri, ikaandikwa, ikafanyiwa hesabu, ikawekwa mbele ya mabingwa wa dunia. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo sayansi inaweza kumpa mtoto.

Mugonzibwa huyo huyo, na wenzake, walikuwa wamefuatilia pia meno ya ukubwani yanatoka lini kwa watoto wa Kitanzania. Kwa ujumla watoto wa Kiafrika huota meno hayo mapema kuliko wa Ulaya. Hili linaonekana dogo, lakini daktari anayepanga kuanza matibabu “mtoto akifika umri fulani” kwa kufuata jedwali la Ulaya anaweza kukuta jahazi limeshang'oa nanga.

Lipo jambo moja la kwetu ambalo halimo kwenye vitabu vya Seattle wala Copenhagen. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea nchini imani ya meno ya nailoni, wengine wakiyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha. Bibi au mganga anaangalia ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali jino la chonge litakapotokea, anasema huo ndio ugonjwa. Chipukizi la jino linang'olewa kwa chombo chenye ncha, bila ganzi, mara nyingi bila usafi, au ufizi unasuguliwa kwa dawa za miti. Kikwilu na Hiza walichapisha uchunguzi wao kuhusu desturi hiyo mwaka 1997, na kabla yao Matee na van Palenstein Helderman walikuwa wameonyesha, mwaka 1991, kasoro zinazoachwa nyuma.

Hatari ya kwanza ni uhai wa mtoto mwenyewe: damu, maambukizi, na homa ya kweli iliyoachwa bila tiba. Anayepona anabaki na deni la mdomoni. Jino la chonge la utotoni ni kigingi. Likiondoka mapema upande mmoja, meno ya mbele yanaegemea pale penye nafasi, na mstari wa katikati wa meno unahama usilingane na katikati ya uso. Pengine na kiini cha jino la ukubwani kilichokuwa chini yake kimeumizwa. Sasa angalia: katika utafiti wa Kinondoni na Temeke, kasoro iliyoongoza kwa wingi ilikuwa hiyo hiyo ya kuhama kwa mstari wa katikati, asilimia 22.5. Mtu anayeijua nchi hii hawezi kuisoma namba hiyo bila kuwaza. Lakini uchunguzi wa siku moja unaonyesha kilichopo tu, chanzo hauonyeshi. Kung'olewa jino bovu la utotoni nako kunahamisha mstari. Watafiti hawakurukia jibu, na mimi sirukii.

Umbali kutoka Dar es Salaam hadi Mgeta au Matombo, huku kwenye Milima ya Uluguru, si mkubwa, ila sithubutu kuzibeba namba za Temeke na kuzipandisha mlimani, maana huenda chakula nacho kinaleta tofauti. Mwaka 1984 mwanaanthropolojia Robert Corruccini alitoa hoja kwamba jamii zikihamia vyakula laini, taya za watoto hazifanyi kazi ya kutosha zinapokua, zinabaki ndogo, na meno yanakosa nafasi. Hoja hiyo bado inabishaniwa. Mtoto anayeguguna miwa na mahindi ya kuchoma na mtoto anayekula mkate laini asubuhi na jioni wangefaa sana kulinganishwa, kwa rula moja na mkono mmoja.

Kupima kasoro, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kama matibabu yanatibu, na hapa fani hii ilikaa gizani muda mrefu. Edward Angle, Mmarekani aliyegawanya kasoro za meno katika madaraja matatu mwaka 1899 kwa kuangalia gego la kwanza la juu na la chini yanavyokutana, aliamini kwamba kila mtu ana nafasi ya kutosha kwa meno yake yote na kwamba kung'oa ni dhambi ya kitaaluma. Wengine walipinga. Mwaka 1911 ugomvi huo ulipamba moto hadharani, na kwa miongo mingi uliamuliwa kwa umaarufu wa wasemaji. Kila upande ulikuwa na wagonjwa wake waliopona wa kuwaonyesha. Hakuna aliyekuwa na watoto wa kulinganishia.

Fikiria mtoto wa miaka tisa ambaye meno ya juu yametokeza mbele sana, na taya la chini linaonekana dogo. Daktari anamvalisha kifaa kiitwacho Twin Block, kilichobuniwa na William Clark wa Uskoti: vipande viwili vya plastiki, juu na chini, vinavyolazimisha taya la chini lisogee mbele mtoto anapofunga mdomo. Baada ya miezi meno yamerudi, mama anafurahi, daktari anaandika kwamba taya limekua. Lakini taya la mtoto wa miaka tisa lingekua hata asingevaa chochote. Utajuaje kilichofanywa na kifaa na kilichofanywa na umri?

Utajua kwa kupiga kura. Kevin O'Brien wa Manchester, Uingereza, na madaktari wa hospitali mbalimbali, waliwakusanya watoto 174 wa miaka 8 hadi 10. Nasibu ikaamua nani avae Twin Block sasa na nani asubiri. Matokeo ya kwanza, ya mwaka 2003, yalionyesha kwamba meno yalirudi kweli, na watoto waliotibiwa walijisikia vizuri zaidi kuhusu nafsi zao. Lakini sehemu kubwa ya badiliko ilikuwa ya meno kusogea, na ukuaji wa taya uliotokana na kifaa ulikuwa mdogo mno. Wangeweza kuishia hapo. Waliendelea kuwafuatilia watoto wale wale mpaka wakawa vijana na kumaliza matibabu yote, na mwaka 2009 wakachapisha mwisho wa safari: waliotibiwa mapema na waliosubiri walifika mahali pamoja, isipokuwa wale wa mapema walikuwa wamekaa kwenye matibabu muda mrefu zaidi. Kundi la North Carolina, la Tulloch na Proffit, lilikuwa limefika mahali hapo hapo kwa njia yake. Faida moja iliyobaki imara baada ya tafiti kujumlishwa pamoja ni kwamba kurudisha meno mapema kunapunguza uwezekano wa meno ya mbele kuvunjika mtoto akianguka.

Walioendesha majaribio hayo ni mafundi wa vifaa hivyo hivyo. Walikuwa wamevitumia kwa miaka, walivifundisha, wengine walipata riziki kwavyo. Wakakubali kura iamue, wakakubali kusubiri karibu miaka kumi, na jibu lilipokuja kinyume na walivyozoea kuamini wakaliandika kwa jina lao. Kwa mzazi wa Morogoro maana yake ni ya moja kwa moja: meno ya mtoto wa miaka tisa yakiwa yametokeza, na mtoto hasumbuliwi wala hayagongi-gongi anapocheza, kungoja mpaka anapobalehe si uzembe.

Mpwa wangu naye alingoja, akafungwa nyaya akiwa kidato cha pili. Kila mwezi alikwenda Dar es Salaam kukazwa, baadaye kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024, na kila mwezi alirudi akilalamika. “Mjomba, kwani wangekaza sana siku moja nikamaliza?” Jibu liko kwenye mfupa. Jino halijashikamana na taya. Limening'inia ndani ya tundu lake kwa nyuzi, kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Waya ukilisukuma taratibu, upande unaobanwa chembehai zinakula mfupa, upande unaovutwa chembehai nyingine zinajenga mfupa mpya, na jino linahama pamoja na tundu lake, takriban milimita moja kwa mwezi. Mswidi Carl Sandstedt aliyaona hayo kwa darubini katika majaribio yake ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisukuma kwa nguvu kupita kiasi damu inakatika, chembehai zinakufa, jino linasimama, na mizizi inaweza kuliwa. Kampuni zimeuza vifaa vya kutikisa meno kwa madai kwamba vinaharakisha. Watafiti wa Uingereza wakapiga kura tena, wakawapa baadhi ya vijana kifaa kinachotikisa, wengine kifaa kisichotikisa, wengine nyaya peke yake. Matokeo ya mwaka 2015: hakuna aliyewahi kabla ya mwenzake.

Nimeacha kwa mwisho kazi ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya Little tena. Chuo chake kilikuwa na desturi ya kuwaita wagonjwa wa zamani, miaka mingi baada ya nyaya kutolewa, na kuchukua upya umbo la meno yao. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 31 waliong'olewa meno manne na kupangwa, wakapimwa tena miaka 20 baada ya kuacha kuvaa vishikizo, yaani vifaa vya kuzuia meno yasirudi yalikokuwa. Waliobaki na meno ya chini yenye mpangilio wa kuridhisha walikuwa kama asilimia 10. Wagonjwa ni wa chuo chake, matibabu ni ya idara yake, na kipimo ni kile alichokipendekeza yeye mwenyewe. Tangu hapo daktari mwangalifu hamwachi mgonjwa aende hivi hivi. Anabandika waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, au anampa kishikizo cha plastiki cha kuvaa usiku, na kumwambia mapema kwamba meno husogea maisha yote, kwa aliyefungwa nyaya na kwa asiyefungwa.

Mpwa wangu anao waya huo nyuma ya meno yake ya chini. Wale watoto 1,601 wa Kinondoni na Temeke, ambao wengi hawakuwahi kuona waya wa aina yoyote, sasa ni watu wazima wanaokaribia au kupita miaka 30. Mistari ya katikati iliyokuwa imehama imeishia wapi? Msongamano umeongezeka kwa kiasi gani bila mtu kuugusa? Maswali hayo yangejibika vizuri kama angepatikana mtu wa kuwatafuta hata mia mbili kati yao, kuwaketisha kwenye mwanga wa kutosha na kuwapima kwa vigezo vile vile vya mwanzo. Upande wa hesabu, kuanzia ukubwa wa sampuli mpaka kapa ya wapimaji, ningeufanya mimi na wanafunzi wangu hapa Mazimbu, bila malipo.